Sekunde Zangu Hamsini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Barua imekuja. Bahasha nene, mhuri mwekundu, na jina langu limeandikwa sawasawa, hata zile herufi mbili ambazo watu hukosea. Tamasha la filamu limeamua kunipa Tuzo ya Heshima kwa kazi ya maisha yangu yote. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama na mara moja nikiwa nimekaa.

Nikampelekea mke wangu jikoni. Akafuta mikono, akasoma, akanipa hongera. Kisha akauliza kama kazi ya maisha ikishapewa tuzo ndiyo imekwisha, maana bomba la bafuni linavuja tangu wiki iliyopita. Yeye ni muuguzi mkuu wodini. Hawezi kuona kitu asiulize kinavuja wapi.

Nimehariri filamu miaka thelathini na moja. Watu hawaijui kazi hii. Wanadhani filamu hutoka kwenye kamera ikiwa nzima, kama yai kwa kuku. Hawajui kwamba yupo mtu amejifungia kwenye chumba cha giza anakata na kuunga: huyu aseme, huyu anyamaze, huyu asionekane kabisa. Tuzo ya Uhariri Bora ninayo, ya miaka kumi na miwili iliyopita. Ipo sebuleni juu ya kabati, nimeielekeza mlangoni ili mgeni asipate taabu ya kuitafuta.

Ukurasa wa pili ndio ulioniharibia siku. Jumamosi tarehe 15, saa kumi alasiri, kabla sijaitwa jukwaani, ukumbi utaonyeshwa filamu fupi ya dakika kumi na nne kuhusu maisha yangu. Itatengenezwa na Mkasi.

Mkasi alikuwa msaidizi wangu kwa miaka sita. Jina nilimpa mimi, kwa mzaha, siku ya kwanza alipokuja kazini na mkasi kwenye mkoba kana kwamba tunashona magauni. Leo watu wote wa filamu wanamwita hivyo, tena kwa heshima. Hata jina lake nimelihariri mimi, na sijawahi kusikia ahsante.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ukweli mara moja, maana daftari halina mdomo.

Tuzo yangu ilitoka kwa ajili ya shoti moja tu, picha moja isiyokatika. Mama amesimama mbele ya mlango wa binti yake aliyekosana naye. Hagongi. Sekunde hamsini na mbili hagongi, hasemi, hakuna muziki. Majaji waliandika kwamba mhariri aliyeziacha sekunde zile bila kuzigusa ana ujasiri wa kimya.

Mimi nilizikata zikabaki nne. Mtu hasimami mlangoni dakika nzima. Anagonga au anaondoka. Halafu jino likanishika, nikaenda kwa daktari wa meno. Niliporudi na shavu limevimba, nikakuta Mkasi amezirudisha zote, na mwongozaji wa filamu amekaa kwenye kiti changu, analia. Nilitaka kugomba. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi. Mwongozaji akadhani nimekubali.

Sasa, haki isemwe. Ufunguo wa chumba aliachiwa na nani? Na mimi. Jino lilikuwa la nani? Langu. Siku ya tuzo nilipanda jukwaani nikasema kwamba nilikisikia kimya kile kikiniita kwa jina. Nikamshukuru mwongozaji, wazazi wangu, mke wangu, mama mkwe, mwenye jengo la studio, na kiti changu. Mkasi alikuwa safu ya tatu. Muda ulikuwa mfupi.

Mwezi uliofuata aliacha kazi kwangu, kwa adabu, akafungua ofisi yake. Miaka kumi na miwili hajasema neno kuhusu mlango ule. Mtu anayenyamaza miaka kumi na miwili ana lake jambo. Na sasa wamempa dakika kumi na nne na maisha yangu humo ndani.

Nimeamua. Hatakaa nayo peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima nimejirekodi. Nimesimamisha simu juu ya vitabu saba na kopo la maziwa ya unga. Nimejipiga picha nikitafakari dirishani, nikitafakari mezani, nikishuka ngazi taratibu kama mtu mwenye mawazo, nikipanda tena kwa sababu mara ya kwanza kidole kilikuwa kimeziba kamera. Saa tatu na dakika arobaini kwa jumla. Hakuna hata moja ambapo ninaongea. Akitaka kuona kimya, atakiona.

Mama mkwe alipita nyuma na ndoo mara nne. Nilimwomba akae kwanza. Akaniambia ndoo haina habari na sanaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda ofisini kwake na flashi mfukoni. Ghorofa ya tatu, juu ya kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi. Vyumba viwili, pazia zito, skrini mbili, chupa ya chai, na ukuta mzima wa karatasi ndogo za rangi. Kila karatasi ni kipande cha maisha yangu. Nilijaribu kuzisoma huku nikijifanya nasifia rangi ya ukuta.

Alinipokea vizuri. Alisimama, akaniita Mwalimu, akanivutia kiti kile kizuri. Ana miaka arobaini na mbili sasa, miwani, na ile tabia yake ya zamani ya kungoja umalize halafu angoje tena kidogo.

Nikamvika kilemba cha ukoka. Nikamwambia kazi zake nazifuatilia zote (nimeona mbili, moja nusu). Nikamwambia hakuna mhariri wa rika lake anayemfikia. Nikamwambia nimemletea picha za ziada, apate kufanya kazi kwa raha, na kama akichoka, mimi niko tayari kuja kukaa pembeni yake, bila kusema chochote, na kuonyesha kwa kidole tu.

Alipokea flashi. Akamimina chai. Akangoja. Kisha akasema, "Mwalimu, kuna kitu unataka nikikate?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Chai ilikuwa ya moto sana. Niliinywa yote.

Nikamwambia kwamba mimi ni mtu wa watu, sina la kuficha, akate apendavyo. Akasema sawa. Alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, akaniambia nishike ukingo kwa sababu ngazi ya tano imelegea. Mtu akikuhurumia hivyo ujue tayari amekuhukumu.

Jumamosi, 8 Machi

Mkasi amekuja nyumbani na mpiga kamera kuwahoji watu wangu. Nilikuwa nimejiandaa tangu jana. Niliandika majibu kwenye karatasi mbili, moja ya mke wangu na moja ya mama mkwe, kwa mwandiko mkubwa.

Mke wangu aliisoma ya kwake akiwa amesimama mlangoni na mkoba wa kazini. Pale palipoandikwa kwamba ameishi na taa inayowaka, akaniuliza nani analipia umeme. Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Meza imetulia, kusema kweli.

Mama mkwe aliichukua ya kwake kwa moyo wote. Masikio yamepungua lakini kichwa ni kizima. Amekariri siku nzima. Kamera ilipowashwa akakaa wima, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi: "Mkwe wangu ni mtu wa kina. Tua. Tazama dirishani. Tangu alipomwoa binti yangu nilijua dunia itamjua. Futa chozi kama lipo." Halafu akanigeukia akauliza chozi alifute wapi, maana halipo.

Mpiga kamera alitoka nje kukohoa. Mkasi hakucheka. Alimshukuru bibi, akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi ninavyoishi. Mama mkwe akafikiri. Akasema mimi si mtu mbaya, ila nikiwa chumbani na watu watatu, hukaa nikingoja wa nne aje anione.

Nilimwomba Mkasi akate hapo. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Zamu ya mke wangu walifunga mlango. Nilijaribu kusikiliza kupitia ukuta wa bafuni, nikaishia kusikia bomba. Walikaa humo nusu saa. Walipotoka, wote wawili walikuwa wamepenga pua.

Walipoondoka nilimwuliza mke wangu alichosema. Akasema ameulizwa kuhusu mwaka ule wa tuzo, naye amejibu. Nikamwambia hakuwepo studio, hajui kitu. Akaniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa anayesema amemeza dawa na dawa iko mkononi.

"Sikuwepo studio," akasema. "Nilikuwa na wewe kwa daktari wa meno. Nilikushika mkono kutwa nzima, baba. Jukwaani uliposema ulikuwa umekaa gizani unasikiliza kimya, nilijua hicho kimya kilikuwa cha nani."

Miaka kumi na miwili. Adui nilikuwa nampikia chai, kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango mpya, na huu ni safi. Katibu wa tamasha ni mtu wa kuogopa maneno. Nimemwandikia barua pepe isiyo na jina. Nimejiita Mpenzi wa Filamu. Nimesema nina wasiwasi, kama raia wa kawaida, kwamba mhariri aliyepewa kazi ya filamu fupi ana chuki binafsi na gwiji wetu, na kwamba ingefaa gwiji mwenyewe aachiwe kuikagua kabla ya siku yenyewe. Nimetia makosa mawili ya herufi kwa makusudi, ionekane kweli imetoka kwa raia.

Nimeituma saa tano asubuhi. Nikajisikia mwepesi. Nikaenda hata kuliangalia lile bomba.

Jumanne, 11 Machi

Katibu amepiga simu. Ana sauti ya upole sana, kama mtu anayekuambia gari lako linavutwa. Alisema wamepata barua ya Mpenzi wa Filamu na wameichukulia kwa uzito. Nikajifanya kushangaa. Nikasema kuna watu wanaojali sanaa bado katika nchi hii.

Akasema ndiyo, na jambo moja tu lilimtatiza: Mpenzi huyo ametuma kutoka anwani yangu, na pembeni ya jina lake kuna picha yangu nimeshika tuzo.

Nikamwambia anwani yangu imeingiliwa na wahuni. Akasema pole, wahuni wa siku hizi wana mapenzi makubwa na filamu. Akanihakikishia kwamba ana imani kamili na Mkasi. Kisha akanikumbusha kwamba nivae suti nyeusi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikufika hata getini.

Alhamisi, 13 Machi

Sijalala mchana kama kawaida yangu. Nimekaa nikijiuliza amesema nini. Nimewaza maneno yote ambayo mimi ningesema kama ningekuwa yeye, na kama ningepewa kamera. Ni maneno mabaya sana. Mengine hata sikujua ninayo.

Mke wangu ameleta suti kutoka kwa dobi. Akaitundika, akakaa kitandani, akasema kuna njia moja rahisi ambayo sijaijaribu: kumpigia simu. Dakika mbili. Kumwambia, zile sekunde zilikuwa zako, mwanangu, na mimi niliona aibu. Akasema hata wagonjwa wake wakaidi, wakishasema panapouma, rangi huwarudi.

Nilishika simu. Namba yake ninayo. Niliishika kwa muda wa haki kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba kesho saa saba mchana Mkasi huenda kula, na huwa haifungi ofisi yake, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kutofunga.

Ijumaa, 14 Machi

Imekwisha. Nimeokoka.

Nilifika saa saba na dakika tano. Mlinzi wa chini ananijua. Nilimwambia nimesahau miwani kwa mwanafunzi wangu. Nikapanda, nikaruka ngazi ya tano. Ofisi wazi, pazia limevutwa, kompyuta inawaka. Mezani kuna flashi yenye karatasi: UKUMBI. Dereva wa tamasha anaifuata saa nane.

Nikavaa hedifoni, nikaanza kutazama. Niseme tu, ni kazi nzuri. Nilivyokuwa kijana nilikuwa na shingo nzuri. Wanaongea watu wangu wa zamani, wananisifu kwa kiasi. Mama mkwe yumo, sehemu ya mtu wa nne imo. Nilivumilia. Dakika ya saba akatokea Mkasi mwenyewe kwenye skrini, ameketi mbele ya pazia hili hili, miwani mkononi. Akasema, "Siku ile Mwalimu alikwenda kwa daktari wa meno."

Nikavua hedifoni kama imeniunguza. Sikutaka kusikia zaidi, na sikuhitaji. Nilimwona mdomo unaenda na kuenda, dakika tatu na nusu, kisha anatoa leso. Hata mtu asiyejua kusoma angesoma hapo kwamba ninachinjwa.

Kazi ya mikono haisahauliki. Nilimfuta kwenye skrini kuanzia neno la kwanza hadi leso. Pengo nikalijaza na picha zangu zile za dirishani, ambazo yeye, nimegundua, hakutumia hata moja. Programu yake ni mpya, ina mistari mingi chini kama nyaya za umeme, mingine ina alama ya kufuli. Sikuigusa ya kufuli. Cha mtu ni cha mtu.

Nikaangalia kipande changu mwanzo mwisho, kimya kimya, spika nimezizima, mlinzi asije akapanda. Kinapendeza. Nimekaa dirishani, mwanga upande mmoja, mtu mwenye uzito. Nikaipakia kwenye flashi ile ile, nikaipanga mezani pale pale, nikatoka saa nane kasoro kumi. Nilimkuta dereva wa tamasha chini anauliza ofisi ya Mkasi. Nilimwelekeza mwenyewe, kwa ukarimu.

Jumapili, 16 Machi

Jana sikuweza kuandika. Nijaribu leo, kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Mimi safu ya kwanza, mke wangu kulia, mama mkwe kushoto na kofia mpya. Mkasi alikaa mwisho wa safu, karibu na mlango, amevaa gauni la buluu. Aliniamkia kwa kichwa. Nilimwitikia kwa huruma ya mshindi.

Taa zikazimwa. Dakika saba za mwanzo zilikwenda vizuri. Watu walicheka kwa mama mkwe, naye akainuka kidogo akawashukuru. Kisha nikatokea mimi dirishani, ninatafakari.

Na sauti ya Mkasi ikasema, "Siku ile Mwalimu alikwenda kwa daktari wa meno."

Nilikata picha. Sikukata sauti. Enzi zangu picha na sauti zilikwenda pamoja kama mtu na mkewe. Ukihamisha mmoja, mwenzake anafungasha mizigo. Kwa Mkasi sauti inakaa chumba chake, na kafunga kufuli.

Basi ukumbi mzima ukakaa ukinitazama usoni, mkubwa kama nyumba, wakati sauti ya mwanamke inaeleza polepole kwamba nilizikata sekunde zile zikabaki nne, na kwamba yeye ndiye aliyezirudisha. Alipofika kwenye mdomo uliokufa ganzi, watu wakacheka. Kwenye skrini nikajikuna sikio. Wakacheka zaidi. Mama mkwe akapita nyuma na ndoo. Nilitafuta mlango kwa macho, nikakuta mke wangu ameushika mkono wangu, kwa nguvu ileile ya siku ya jino.

Halafu sauti ikabadilika. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, maana hayanitoki.

"Lakini mwaka wangu wa kwanza," alisema, "Mwalimu alinikalisha wiki tatu nisiguse chochote. Nisikilize tu. Nisikilize watu wanavyovuta pumzi kabla ya kusema. Nilimchukia. Nilidhani ananionea. Siku ile ya mlango, niliisikia pumzi ya yule mama, nikajua hawezi kugonga bado. Bila zile wiki tatu nisingeisikia. Mkono ulikuwa wangu. Masikio nilipewa na yeye. Nilitaka kumwambia hivyo siku ya tuzo, nikawa nangoja anitaje kwanza. Nimengoja mno. Basi namwambia leo."

Hapo, kwenye skrini, vumbi likaniingia jichoni, nikalifuta.

Ukumbi ukanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na mimi ndiye mwenye tuzo ya kimya. Kisha wakapiga makofi wamesimama. Mwongozaji wangu wa zamani alikuwa analia tena. Huyo hulia hata kwenye matangazo ya sabuni. Walidhani ndivyo ilivyopangwa: mzee amekaa, anaubeba ukweli wake kimya mbele ya watu wote. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema huo ndio ujasiri.

Kuhusu zile wiki tatu. Nazikumbuka. Nilikuwa nimesahau neno la siri la kompyuta ya pili, na nilikuwa naona aibu kumwambia mgeni.

Wakaniita jukwaani. Tuzo ni nzito kuliko ile ya kwanza. Nilikuwa na hotuba mfukoni, lakini nilipomwona Mkasi kule mwisho wa safu, miwani mkononi, nikaiacha karatasi. Niliamua. Naapa niliamua. Nikasema, "Yuko mtu mmoja humu ndani ambaye bila yeye nisingekuwa nimesimama hapa."

Mkasi akainua kichwa.

Mke wangu akaacha kupumua, niliona. Jina lake lilikuwa limefika ulimini, jina lake la kweli, lile aliloitwa na mama yake. Nikafungua mdomo. Nikawaza: nikilitaja, kesho watauliza, na ile tuzo ya kwanza je?

Nikasema, "Mama mkwe wangu."

Mama mkwe akasimama, akavua kofia, akawapungia watu wa kulia, kisha wa kushoto. Makofi yalikuwa makubwa. Mkasi alipiga makofi pia. Alipiga kwa adabu, mara chache, halafu akavaa miwani.

Nilimkuta kwenye ngazi za nje. Nikamwambia filamu imekwenda vizuri. Akangoja. Nikamwambia mabadiliko yale madogo niliyafanya kwa nia njema. Akangoja tena, kisha akasema, "Mwalimu, ulisahau sauti."

Nikamwambia sikusahau. Nilikusudia.

Aliniangalia muda mrefu. Sikuhesabu sekunde. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akashuka zake.

Nyumbani, maua niliyopewa hayakuonekana. Mke wangu ameyapeleka kwa Mkasi asubuhi hii, akarudi adhuhuri. Hakuniambia walichozungumza. Amesema tu kwamba jana, kwa nusu dakika, alinipenda kama zamani, na kwamba nusu dakika si haba.

Jumatatu, 17 Machi

Gazeti limetoka. Ukurasa wa kumi na moja, lakini juu. Mwandishi anasema kipande kile, uso wa mzee na sauti ya mwanafunzi wake, ndicho kitendo cha uhariri cha kijasiri kuliko vyote alivyoona miaka hii. Anasema kutenganisha picha na sauti namna ile kunahitaji mkono uliokomaa. Nimemsomea mke wangu mara mbili. Amekwenda kazini mapema.

Saa tatu nilimwandikia Katibu, kumwomba kwa unyenyekevu kwamba kwenye orodha ya wahariri wa filamu ile fupi jina langu liongezwe. Ikiwezekana juu ya lile jingine, kwa ajili ya umri.

Saa nne mwongozaji wa zamani akapiga simu. Ana filamu mpya, kubwa, miaka miwili ya kazi. Moyo ulinipaa. Akasema mhariri ni Mkasi. Moyo ukashuka. Akasema Mkasi amekubali kwa sharti moja, kwamba nami nipewe nafasi, kama ninaitaka: msaidizi wake. Kupanga mafaili, kuandika namba za vipande, na wiki tatu za mwanzo kukaa tu nikisikiliza. Akauliza kama nitaona vibaya.

Nimekubali papo hapo. Watu hawawezi kuona, lakini mimi naona: binti amelemewa. Filamu kubwa kama ile, peke yake, atazama. Ananihitaji na hajui kusema. Nitakaa pembeni, nitanyamaza, na siku ambayo tuzo itakuja, kila mwenye akili atajua imetoka kwa nani.

Filamu yenyewe haijapigwa picha hata moja. Hotuba nimekwisha kuianza. Mwanzo umekaa vizuri, katikati kuna mzaha mmoja, mwisho utawaliza. Imebaki sehemu ya shukrani. Niko nayo mezani tangu saa tano, sasa ni saa tisa, na bado hakuna jina linalonijia.